Mtungule Ukigeuka Majani, Angalia Ulipoanzia

Majani ya mtungule, yaani mnyanya, yakibadilika, wengi hukimbilia duka la pembejeo. Kabla ya kutoa pesa, inama uangalie: tatizo limeanzia majani ya chini au kileleni?

Majani ya chini yakipauka yote kuwa manjano na mti umedumaa, una njaa ya naitrojeni. Koleo moja la samadi iliyooza kwa kila shina litausogeza. Yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, imepungua magnesiamu. Sura hiyo hiyo ikitokea kwenye majani machanga ya juu, kinachokosekana ni chuma, na hapa ndipo wakulima wa ardhi ya uwanda, yaani ya mawe ya matumbawe, Makunduchi ya Unguja hadi Micheweni ya Pemba, wanapopotea. Chuma kimo udongoni, ila chokaa ya mawe imekifunga na mizizi haikipati. Kumwaga majivu hapo, kama wengi walivyozoea, ni kuongeza chokaa juu ya chokaa. Chimba shimo la sentimita 40 kwenda chini na upana huo huo, jaza mboji na udongo nusu kwa nusu. Pakiwa jiwe tupu, panda kwenye ndoo iliyotobolewa kitako.

Madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, kama kawa, ni bakajani tangulia. Vimelea hurushwa na matone ya mvua yanayopiga udongo, ndiyo maana masika hushamiri na huanzia chini. Kata majani yote yaliyo chini ya sentimita 30 kutoka ardhini, tandaza nyasi kavu, mwagia shinani na si juu ya majani. Dawa ya kopa, yaani ya shaba, hulinda jani lisilougua. Lenye doa haliponi.

Kujikunja huogofya kuliko inavyostahili. Majani ya chini yakijiviringa, yakawa magumu lakini kijani, ni jua kali au umepogoa mno, yaache. Ya kileleni yakiwa madogo, yamejikunja kwenda juu, kingo manjano na maua yanapukutika, hicho ni kirusi kinachoenezwa na nzi weupe. Hakina dawa. Ufunike mti mfuko alfajiri, nzi wakiwa bado wazito, ndipo uung'oe na kuuchoma.

Mti unaosinyaa mchana na kurudi jioni mara nyingi umechoka na joto tu. Usiporudi hata baada ya kumwagiwa, na majani bado kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, ukining'inize kwenye bilauri ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama tui zikishuka, huo ni mnyauko bakteria. Ng'oa mti pamoja na udongo wa mizizini, usiutupe jaani. Hapo usipande tungule, bilingani wala pilipili kwa miaka 3 angalau, tia mahindi. Jembe nalo lioshe kabla halijaingia tuta jengine.