Ukilazwa Marekani na Huna pa Kulala, Chunga Anwani Wanayoiandika

Tangu nirudi Mombasa, wazazi hawaishi kunijia hapa Majengo na simu mkononi: mwanangu kalazwa Marekani, kodi ilimshinda zamani, na hospitali inataka kumtoa. Wengi hudhani shida ni bili. Tumezoea ya kwetu, mgonjwa huzuiliwa wodini mpaka harambee ikamilike. Kule ni kinyume. Bili itakufuata baadaye kwa posta. Kinachotakiwa leo ni kitanda chako, maana kuna mwingine anakisubiri.

Iko huduma iliyowekwa kwa hali hii hasa. Wenyewe huiita medical respite, na California utasikia zaidi recuperative care. Yataje hivyo hivyo. Ni mahali pa kumalizia kupona kwa mtu asiye na makao, ambaye hospitali imeshamaliza naye lakini hawezi kurudi barabarani: kitanda usiku na mchana, chakula, nesi wa kufunga kidonda, usafiri wa kliniki. Boston walianza mwaka 1985 na vitanda 25 ndani ya bweni la wasio na makao. Leo nyumba yao, yenye jina la nesi Barbara McInnis, ina vitanda yapata 100. Washington iko Christ House, nayo ya 1985.

Sasa mtego. Mtego ni anwani.

Mimi nilikatwa kidole cha mguu kwa ajili ya sukari, wakati ambapo nilikuwa nikilala kwenye makochi ya watu. Karani wa hospitali akanakili anwani ya leseni yangu ya udereva, chumba nilichokwisha kutolewa, bila kuniuliza. Kisha ami yangu, Mungu amzidishie umri, akapiga simu wodini kutoka huku. Hakuambiwa lolote, maana sheria yao ya siri za mgonjwa ni kali. Lakini haimzuii mtu kusema, na alilosema wakalichukua: kijana wetu si mtu asiye na kwao, atakwenda kwa binamu yake. Binamu mwenyewe yuko jimbo jingine! Ikaandikwa kwamba narudi kwa familia, na ombi la respite likafungwa pale pale. Ijumaa jioni nikasukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni, mfuko wa bandeji mapajani, na karatasi inayoniamuru niweke mguu juu ya mto siku nzima. Mto upi? Bweni nililolipata lilitupokea magharibi na kututoa asubuhi, kama mengi yalivyo, na insulini ikashinda nami juani.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla daktari hajataja kutoka, mwite ofisa wa ustawi wa jamii wa wodi umwambie: sina pa kulala. Usiseme "nipo nipo tu kwa jamaa". Kulala kwa watu bila mahali pako kunahesabika kuwa huna makao kwenye zahanati za wasio na makao zinazofadhiliwa na serikali kuu. Wizara ya nyumba ndiyo yenye kipimo kikali zaidi, basi usikubali kuambiwa kipimo ni kimoja. Kisha omba kusomewa walichoandika. Narudia, usomewe anwani. Rufaa ya kukupeleka respite hutoka hospitalini ukiwa bado umelazwa. Ukishavuka mlango, kujipeleka mwenyewe ni kazi ngumu.

Mengine ni mepesi. Uwe unaweza kula na kwenda chooni mwenyewe, vinginevyo watakutafutia nyumba ya uuguzi. Mkalimani wa Kiswahili ni haki yako, bure. Beba orodha ya dawa.

Wazazi wangu, najua aibu yenyewe. Kusema mtoto hana pa kukaa ni kama kuutukana ukoo. Lakini yule wa wodini hapimi heshima yenu, anajaza fomu. Mkipiga simu, salimieni, muombeeni dua, msimpangie makao msiyoyaona. Na huyo binamu, mkataba wake wa nyumba huenda haumruhusu mgeni wa muda mrefu. Mtawafukuzisha wote wawili.

Wamarekani si watu wabaya. Nesi wa usiku alininunulia soksi kwa pesa yake. Ila huruma wameigawa kwa idara: wa kidonda haulizi utalala wapi, wa malazi haulizi kidonda. California imebidi watunge sheria, inayotumika tangu 2019, kwamba asiye na makao asitolewe hospitali kabla ya kupewa chakula, nguo za kufaa hali ya hewa na usafiri. Msicheke. Huku kwetu asiye na ndugu wa kumletea uji wodini anajua anavyoshinda.

Ukiambiwa nafasi zimejaa, uliza wamepigia programu ipi, saa ngapi, na kama jina lako limewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Omba pia iandikwe kwenye faili, kwa maneno yako, kwamba umesema huna pa kwenda.