Mnada wa nyumba zinazodaiwa kodi ya majengo Florida: pigia manispaa kwanza

Kwa mlioko Marekani mnaowinda nyumba zinazonadiwa kwa sababu mwenyewe hajalipa kodi ya majengo: Florida, kabla ya kuweka dau, chukua nambari ya kiwanja, pigia ofisi ya manispaa inayosimamia kanuni za ujenzi na usafi, uulize faini na madai yote yaliyosajiliwa juu ya kiwanja hicho. Wakupe kwa maandishi. Hati ya mnada, yaani hati ya umiliki anayopewa mshindi, hufuta dai la benki la mkopo juu ya nyumba, na hapo ndipo wengi hushangilia, lakini madai ya mji na kaunti hayafutiki. Pesa za mnada zinazobaki baada ya kodi kulipwa zisipotosha kuyalipa, salio linabaki juu ya nyumba, yaani juu yako. Na faini ya majani marefu au paa bovu huweza kuhesabiwa kwa siku. Nyumba iliyotelekezwa miaka kadhaa inaweza kudaiwa kuliko thamani yake. Ukiwa kwenye simu hiyohiyo, uliza kama kuna amri ya kubomoa.

Simu hiyo haitakuambia kama kuna mtu anaishi ndani, wala kama IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, inamdai mwenye nyumba. Ikiwa ilisajili dai lake, ina angalau siku 120 za kuikomboa nyumba baada ya mnada, yaani kukurudishia pesa yako na kuichukua, kwa hiyo usikimbilie kupaka rangi. Dai hilo la IRS litafute kwenye kumbukumbu za hati za kaunti; nyingi ziko mtandaoni.