Muwasho usiosikia dawa ya fangasi
Miaka miwili nilipewa dawa za fangasi, na kila usiku muwasho wa sehemu za siri ukarudi. Kumbe ni laikeni sklerosasi, ugonjwa wa ngozi. Hauambukizi, wala si wa zinaa. Huwapata zaidi waliokoma hedhi, hata wasichana wadogo.

Funga mlango, chuchumaa juu ya kioo penye mwanga. Tazama kuanzia mashavu ya uke hadi njia ya haja kubwa: ngozi imekuwa nyeupe, nyembamba, imekunjamana kama karatasi ya sigara? Kuna mipasuko inayochoma ukikojoa? Mimi midomo ya ndani ilishasinyaa, karibu kupotea. Hapo ndipo nilipoogopa.

Usipake kitunguu saumu, jamani. Muone daktari wa ngozi au wa wanawake. Mimi niliandikiwa klobetasoli, dawa kali ya steroidi ya kupaka inayotuliza ngozi. Kidonda au kinundu kisichopona kionwe haraka, maana saratani huweza kuanzia hapo.