Majivu ya jikoni peleka shambani, ya makaa ya mawe yaache

Lugha yetu ina mtego hapa. Makaa hutoka kwenye mti, makaa ya mawe huchimbwa ardhini, lakini yakishateketea yote tunayaita majivu tu. Mama mmoja anayelima kando ya mto kule Njiru, Nairobi, alinionyesha gunia aliloletewa bure na kijana wa mkokoteni kutoka viwandani. Ndani mlikuwa na unga wa kijivu, laini kama saruji, na vibonge vigumu vinavyong'aa kama chupa iliyoyeyuka. Alikuwa ameshayamwaga kwenye maharagwe. Majani ya chini yalikuwa yameungua kingoni, manjano kisha kahawia, katikati bado kijani.

Hayo yalikuwa majivu ya makaa ya mawe, na dalili hiyo ni ya boroni iliyozidi. Mmea huihitaji kidogo mno, na maharagwe hayaivumilii ikizidi. Boroni lakini ina nafuu, kwani huonekana, na mvua huiosha polepole. Mimi naogopa zaidi sumu zisizoonekana: aseniki, risasi (ile metali), kadimiamu. Kwenye makaa ya mawe zimo kidogo tu. Moto ukishamaliza kaboni, ndipo zinapobaki: kilo 100 zikiacha kilo 10 za majivu, elementi ambazo hazikuruka na moshi huwa zimejikusanya karibu mara 10. Zebaki nyingi huruka. Hizo nyingine zikiingia shambani haziozi kama samadi.

Kadimiamu hupanda hadi kwenye jani, kwa hiyo spinachi na terere ndizo za kuchungwa kwanza. Risasi haipandi sana. Huja mezani na vumbi lililoshika sukuma wiki, au na udongo kwenye karoti. Aseniki hulegea, yaani huachana na udongo na kuyeyuka, udongo ukituamisha maji, na wenye nduma mtoni wanielewe.

Ndugu zetu wa bonde la Mui, Kitui, ambako makaa ya mawe yaligunduliwa, nao wajue kwamba hata mabaki ya mgodi yasiyochomwa si udongo wa kujazia shamba. Mara nyingi huwa na pairiti, yaani chuma na salfa, ambayo ikipata hewa na maji hutoa asidi inayoyeyusha metali.

Kama umeshamwaga, lowesha kidogo vumbi lisipae, kwangua tabaka la juu, lifunge kwenye gunia, na usilitupe mtoni. Usikimbilie chokaa: majivu haya mara nyingi yameshapunguza uchachu wa udongo, na aseniki huweza kulegea zaidi. Ukipeleka udongo maabara, kwa mfano KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete, taja metali nzito kwa jina, kwa sababu kipimo cha kawaida cha rutuba hakiangalii risasi. Ukisubiri majibu, panda sukuma kwenye magunia yenye udongo wa kwingine.

Majivu ya kuni na makaa ya kawaida yana potasiamu na kalsiamu. Tawanya kiasi, ila usiyachanganye na mbolea za dukani kama CAN wala DAP, nitrojeni itapaa hewani.

Nilipokuwa naondoka Njiru niliona kuku wa kienyeji wakijigaragaza kwenye lile gunia lililopasuka, wakijipaka vumbi kufukuza utitiri. Nikamwomba mama alifunge kabla ya kitu kingine chochote, maana risasi anayodonoa kuku huweza kuishia kwenye yai.