SOMO: Vidonge vya TB miezi 6 – maudhi ya kuvumilia na maudhi ya kukukimbiza kliniki

Wakuu, salaam. Tangu niseme humu kwamba niliwahi kuugua TB, kila wiki napata swali lilelile kutoka kwa mtu mpya: "Dawa zinanitesa, niache?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namwelekeza hapa.

Mimi ni fundi seremala, si daktari. Ninayoyaeleza ni ya TB ya mapafu ya kawaida kwa mtu mzima, ile inayotibiwa miezi 6. Mwenye TB sugu dawa zake ni nyingine, asifuate hesabu zangu.

1. Pima makohozi kwanza. Dawa hazianzwi kwa kuhisi.

2. Jua unameza nini. Miezi 2 ya mwanzo, kidonge kimoja kimebeba dawa nne: rifampisini mg 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275. Miezi 4 inayofuata zinabaki mbili za mwanzo tu. Idadi inakwenda kwa kilo: 38 hadi 54 ni vidonge 3, 55 hadi 70 ni 4, zaidi ya 70 ni 5. Unavimeza vyote kwa pamoja mara moja kwa siku, kila siku, hata Idi na Krismasi. Mimi nilianza na kilo 51, kwa hiyo vitatu. Jirani yako akimeza vinne haina maana kwamba wewe unapunjwa. Ukienda kliniki panda mzani, kwa sababu ukinenepa idadi inaweza kubadilika.

3. Meza tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Kichefuchefu kikikushinda, meza na chakula kidogo, au meza usiku unapokwenda kulala. Dawa haifyonzwi vizuri sana hivyo, lakini ni afadhali kuliko kuitapika. Vile vidonge vya magnesiamu vya kutafuna ukiwa na kiungulia vinazuia dawa isiingie mwilini sawasawa. Visimezwe pamoja, viachanishe kwa saa mbili.

4. Mkojo utakuwa rangi ya soda ya machungwa. Jasho na machozi pia. Singlendi zangu mbili nyeupe zilipata madoa hayo. Ni rifampisini, haina neno.

5. Ukisahau dozi ukakumbuka siku hiyohiyo, meza. Siku ikishapita, endelea na dozi ya leo. Usimeze mara mbili kufidia, na mwambie muuguzi aandike kwenye kadi.

6. Maudhi. Hapa ndipo nilipoharibu, msome polepole.

Kuna maudhi ya kuvumilia huku umetoa taarifa: kichefuchefu, viungo kuuma (hiyo ni pirazinamidi, magoti yangu yalikuwa kama ya babu), kuwashwa kidogo kusiko na vipele. Miguu ikianza kuchoma au kufa ganzi, ni isoniazidi. Sema mapema upewe vitamini B6. Vituo vingi wanaitoa tangu mwanzo, kwa hiyo kama hujaiona, uliza.

Halafu kuna maudhi ambayo hayavumiliwi hata siku moja.

Siku naanza dawa niliimbiwa wimbo mmoja: usikatize dozi, usikatize dozi. Nikaushika kama kiapo. Wiki ya sita chakula kikaanza kunitia kinyaa, harufu tu ya mafuta ya kukaangia inanitoa nje. Nikatapika siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Nikajiambia si walisema mkojo utabadilika? Nikaendelea kumeza. Na kwa sababu ya magoti nilikuwa nimejinunulia vidonge vya maumivu, navimeza asubuhi na jioni bila kumwambia mtu. Juu yake mjomba alileta chupa ya mitishamba ya "kusafisha damu". Vyote hivyo ini lilelile ndilo linalovichuja.

Nyumbani hawakuona kitu. Taa ya chumbani kwangu ina mwanga wa njano, ndani humo hata shuka jeupe ni la njano. Aliyeona ni kijana ninayemfundisha kazi, nimesimama mlangoni mwa karakana napima ubao kwenye jua. Akaniambia, "Fundi, macho yako kama umeyatia bizari." Ilikuwa siku ya tisa tangu nianze kutapika. Siku tisa namlisha sumu mtu ambaye ini lake limekwisha kukataa, na najiona mgonjwa hodari.

Hospitali walisimamisha dawa zote. Nikakaa karibu wiki tatu bila kidonge, damu inapimwa mara kwa mara, ndipo wakaanza kunirudishia moja moja: rifampisini, kisha isoniazidi. Pirazinamidi sikurudishiwa, na kwa kuikosa hiyo miezi 6 yangu ikawa 9. Ningekwenda siku ya pili nisingefika huko.

Kwa hiyo shikeni haya. Macho kuwa ya njano, mkojo kuwa MWEUSI (si wa machungwa), kutapika kusikokoma, maumivu chini ya mbavu za kulia: usimeze dozi inayofuata, nenda kituoni siku hiyohiyo na dawa zako zote mkononi, hata zile za mjomba. Vipele mwili mzima, midomo au uso kuvimba: vivyo hivyo. Uoni kufifia, au nyekundu na kijani kuanza kufanana: ni ethambutoli, vivyo hivyo. Mimi kila asubuhi nilikuwa nafumba jicho moja nasoma kalenda ukutani, kisha nabadilisha. Dakika moja tu.

Msichanganye: kusimamisha ili ukaonwe leo si kuacha dawa. Kuanza tena ni uamuzi wa kliniki, si wako.

7. Pombe weka pembeni hadi umalize.

8. Rudi kupima makohozi mwisho wa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6, hata kama kikohozi kimekwisha.

Maswali karibuni, ila someni kwanza.

——

Chuma cha Pua: Mkuu kwa hiyo unasema dawa zikisumbua tuache?

Fundi Randa: Sijasema hivyo popote. Rudia namba 6.

Chuma cha Pua: Nimeipitia juu juu, ni ndefu.

Fundi Randa: Ini nalo linachukua muda mrefu kupona. Soma.

Mpita Njia: Mkojo wangu umekuwa kama wa machungwa, nina wasiwasi na figo.

Fundi Randa: Namba 4.

Nyota Njema: Kaka pole kwa yaliyokupata. Nina swali la kutaka kujua tu. UTI nilipewa dawa siku chache nikapona. Kwa nini TB miezi 6? Na kama wiki chache tu mtu haambukizi tena, hiyo mingine ya nini?

Fundi Randa: Dada, swali zuri, hata mimi nilimbana nalo daktari. Mdudu wa TB anazaana polepole sana, na wengine wanalala kabisa ndani ya mapafu. Dawa nyingi humuua mdudu anapojigawa, aliyelala haimgusi. Wiki za mwanzo unaua walio macho, ndiyo maana homa inashuka na unaanza kujiona mzima. Miezi inayobaki ni kuwasubiri waliolala waamke mmoja mmoja. Ukiacha mwezi wa tatu umewaachia hao.

Na hiyo miezi 6 unajua ilijaribiwa wapi? Hukuhuku. Zamani ilikuwa mwaka na zaidi, pamoja na sindano. Utafiti uliokuja kuonyesha kwamba miezi 6 inaweza kutosha ukiweka rifampisini au pirazinamidi ulianza mwaka 1970 kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki na Zambia, kwa kushirikiana na Waingereza. Wazee wetu walimeza kwanza ili sisi tumeze kwa muda mfupi.

Nyota Njema: Sikujua kabisa. Asante sana kaka.

Tiba ya Asili Original: Ndugu zangu, ninayo dawa ya kulinda ini wakati wa dozi ya TB, njooni nawatumia popote mlipo.

Fundi Randa: Umesoma kisa cha chupa ya mjomba au umekuja kuuza tu? Kauzie kwingine.

Tiba ya Asili Original: Unadharau tiba za mababu.

Fundi Randa: Mababu siwadharau. Ile chupa haikuwa na jina la kilichomo, na daktari aliponiuliza nimekunywa nini sikuwa na jibu. Yako imeandikwa kilichomo?

Dereva wa Usiku: Mkuu, naendesha lori usiku, nafika saa 12 asubuhi, nalala mchana. Nimeze lini?

Fundi Randa: Chagua saa moja isiyokimbia. Ningekuwa wewe ningemeza nikiegesha gari asubuhi, kabla sijagusa supu, halafu saa moja baadaye nale nilale. Chukua dawa za safari nzima na uziache kwenye pakiti zake. Usizimwage kwenye kopo, na usiziweke juu ya dashibodi, jua na unyevu vinaziharibu.

Mama Pili: Shikamoo. Mimi nina kijiti cha uzazi, kliniki hawakuniambia chochote.

Fundi Randa: Marahaba mama. Hili ni muhimu na mimi nimelisahau. Rifampisini inapunguza nguvu ya vijiti na vidonge vya majira, inaendelea hivyo hata wiki kadhaa baada ya kumaliza. Lupu na sindano ya miezi mitatu hazisumbuliwi nayo. Rudi uwaambie, na kwa sasa tumieni kondomu. Wanaotumia ARV zenye dolutegraviri nao huongezewa kidonge cha pili kwa siku kwa sababu hiyohiyo. Wa kisukari na wa dawa za kuyeyusha damu, tajeni dawa zenu zote.

Kijana wa Msamvu: Niliacha wiki tatu nikaenda mashamba. Vidonge bado ninavyo, niendelee nilipoishia?

Fundi Randa: Usijianzishie. Peleka kadi na hivyo vidonge kliniki kesho, watapima makohozi kwanza. Utasemwa kidogo. Nenda tu.

Kijana wa Msamvu: Poa mkuu. Ila huku Morogoro si tuna panya buku wa pale SUA wanaonusa makohozi? Wanipime hao.

Fundi Randa: Hao ni wa kweli na sifa zao wanastahili, wananusa hata mabomu ya ardhini. Ila panya akiashiria, maabara inahakikisha tena. Kadi yako panya hawezi kuijaza.

Mpwani Halisi: Mimi niko Tanga, mwezi wa tatu wa dawa. Nikila jodari uso unawaka moto, kichwa kinagonga, moyo unadunda. Baada ya saa mbili kwisha. Ni dawa au nimerogwa?

Fundi Randa: Haha, hujarogwa. Ni isoniazidi. Jodari na vibua wakikaa bila barafu wanatengeneza histamini, na isoniazidi inauzuia mwili usiivunje. Mwambie muuguzi akiandike, na hao samaki waache mpaka umalize. Ukikosa pumzi au ukivimba midomo, hospitali mara moja.

Mpwani Halisi: Sasa mtu wa Tanga nile nini?

Fundi Randa: Changu yupo. Nilikula yeye miezi yote tisa, wa mchuzi na wa kuchoma, uso haukuwaka hata siku moja.