Kuzungumza na mgonjwa wa saratani: kwa wauguzi wa wodi na kliniki, Mbeya

Vuta pazia, zima mlio wa simu, tafuta kiti. Mgonjwa akiwa mzee, shikamoo itangulie hata kama foleni imefika mlangoni. Ukizungumza umesimama na faili mkononi, atakujibu kwa mkato na maswali yake atarudi nayo nyumbani.

Kabla hujaeleza lolote, uliza: "Mama, daktari alikuambia nini kuhusu ugonjwa huu?" Jibu lake litakuonyesha pa kuanzia. Aliyetoka Chunya huenda aliambiwa ana uvimbe tu. Mwingine anaogopa kuwaambukiza wajukuu kwa kula nao sahani moja. Mwingine anajua yote ila amenyamaza kwa sababu mwanawe yuko pembeni. Kisha uliza angependa kujua kiasi gani na nani awepo. Majibu ya kipimo atayatoa daktari, lakini uwepo naye wakati huo, halafu umrudie baada ya saa chache au kesho yake. Mtu akishasikia neno saratani, yaliyofuata mengi yanampita.

Bibi anayezungumza Kisafwa au Kinyakyusa anaweza kuitikia "ndiyo, nesi" kwa heshima tu, hata kama hajaelewa. Tafuta muuguzi mwenzako anayejua lugha yake. Usimtumie mtoto wa kiume kumtafsiria mama yake habari za mlango wa kizazi: mama ataficha kutokwa damu, na kijana ataruka maneno yanayomwaibisha.

Ndugu wakikuvuta koridoni wakisema mgonjwa asiambiwe, usiwakubalie wala usigombane nao. Waulize wanahofia nini akijua, kisha mrudie mgonjwa mwenyewe. Akisema, "Ongeeni na mwanangu," hayo ni maamuzi yake. Yaandike kwenye faili.

Akiuliza, "Nitapona?" usikimbilie "usijali, Mungu yupo". Maneno hayo yanafunga mazungumzo hata kama yametoka moyoni. Muulize, "Ni nini kimekufanya uulize leo?" halafu nyamaza. Ukimya wa nusu dakika unaonekana mrefu kwako kuliko kwake.

Maelezo ya kwenda nayo nyumbani yasizidi mambo matatu kwa mara moja. Kwa aliyepata dripu ya dawa za saratani, la kwanza ni homa. Kipimajoto kikifika 38, au akianza kutetemeka kwa baridi, aende kituo cha karibu saa hiyohiyo, hata usiku, aonyeshe kadi na kusema yuko kwenye dawa za saratani. Asimeze panadol kwanza akasubiri kuche: homa itashuka huku maambukizi yakiendelea, na chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, kwa kawaida huwa chini zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Kama amepewa doxorubicin, ile dawa nyekundu, mwambie mapema kwamba mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Asipoambiwa ataamini anatokwa damu, na huenda asirudi kwa mzunguko unaofuata wa dawa.

Mofini ya maji, dawa ya kunywa ya maumivu makali, ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi kwa sababu ya maelezo mabaya. Ukisema "kila saa nne", wapo watakaokunywa saa nne asubuhi na saa nne usiku basi. Taja saa zenyewe: 12 asubuhi, 4 asubuhi, 8 mchana, 12 jioni, 4 usiku, dozi ya mwisho iwe maradufu ikiwa daktari ameandika hivyo, ili alale. Mpimie kwa bomba lisilo na sindano, weka alama ya kalamu kwenye mililita zake. Mweleze kwamba usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo hupungua, lakini kufunga choo hakuishi, kwa hiyo dawa ya choo aitumie sambamba. Na umwambie wazi kwamba kupewa mofini si kukatiwa tamaa: ni kwa sababu ya maumivu. Maumivu yapime kwa mkono: ngumi ni hakuna, vidole vitano ni makali kabisa.

Mwisho usiulize "umeelewa?" Sema, "Bibi, ukifika Tukuyu mkweo akakuuliza hii chupa ni ya nini na unakunywaje, utamjibuje?" Akikosea, aliyekosea kueleza ni wewe, rudia kwa maneno mengine. Kisha andika kwenye faili alichoambiwa na alichojibu, kwa maneno yake, ili muuguzi wa zamu ya usiku asianze upya.