Kyubu za siku 7 na siku 28: kupima zege linavyokomaa

Zege halikauki, linakomaa. Saruji inafanya kazi na maji na kugeuka jiwe, na kazi hiyo inaendelea wiki kadhaa baada ya fundi kufungasha vifaa vyake. Kyubu, yaani vipande vya zege vya pande sawa tunavyovivunja kwa mashine, ndizo zinazotuambia imefika wapi.

1. Andaa kalibu sita za chuma, milimita 150 kila upande: tatu za siku 7, tatu za siku 28. Kaza bolti, paka oili kidogo. Ikituama kwenye pembe, ipanguse.

2. Chota zege lilelile linaloingia kwenye nguzo. Fundi akikuchanganyia karai la pembeni, kataa. Hilo huwa tamu kupita kiasi, yaani limezidishiwa saruji. Jaza kwa matabaka matatu, kila tabaka lishindilie kwa chuma angalau mara 25, kisha gonga kuta mpaka mapovu makubwa yaache kutoka. Sawazisha kwa mwiko.

3. Funika kwa nailoni, weka kivulini, usiziguse hadi kesho yake. Hapo fungua, andika tarehe na sehemu iliyomwagwa, zamisha majini. Wengi huharibia hapa, nami nimo. Mwaka wangu wa kwanza saiti pipa lilitoboka, nikaziacha juani siku nne. Majibu yakatoka chini, ikabaki kidogo tubomoe nguzo ambazo pengine hazikuwa na kosa lolote.

4. Siku ikifika, zifute maji, zipime uzito. Zege la kawaida hucheza kwenye kilo 8. Ukipata 7 na nusu, shuku matundu ndani.

5. Laza kyubu kwa ubavu: uso uliopigwa mwiko usiguse sahani za mashine. Mzigo wa mashine uongezeke taratibu, kama kilonyutoni 13 kwa sekunde. Ikivunjika vizuri, pande zote nne humomonyoka ikabaki na kiuno chembamba katikati. Ukimeguka upande mmoja tu, huenda haikukaa sawa.

6. Gawa mzigo ulioivunja kwa eneo, milimita za mraba 22,500. Kilonyutoni 405 ni nyutoni 405,000, kwa hiyo 18 kwa kila milimita ya mraba. Kwa saruji ya kawaida, siku 7 hutoa takribani theluthi mbili ya nguvu ya siku 28, hivyo 18 inaelekea 27. Zege la daraja la 25, yaani linalotakiwa kufikisha 25 siku ya 28, hapo linapumua. Ukipata 12, usingoje siku 28: simamisha umwagaji wa ghorofa inayofuata, nenda kaangalie ndoo ngapi za maji zinaingia kwenye miksa.